Vifaa Vizima Kutoka Butiama

Butiama
14 Januari 2024

Mdogo wangu Boke,

"Mtu asiyejua jina la kifaa cha gari lake hastahili kuwa na gari." Hayo ni maneno yako. Usiyakane, maana shahidi ni jirani yetu Paschal, aliyekuja dukani kwenu hapo mtaa wa Mukendo Jumanne iliyopita akarudi huku mikono mitupu na uso umemshuka. Nayanukuu kama alivyoniandikia kwenye daftari ninalotembea nalo siku hizi, na nayapinga neno kwa neno.

Mgonjwa anamwambia daktari, "Naumwa hapa." Hatumfukuzi aende akatafute kwanza jina la ugonjwa. Mkulima wa mihogo hamjui mdudu anayekula mihogo yake. Je, shamba tumnyang'anye? Kama umiliki unatokana na kujua majina, basi nusu ya Watanzania hawana haki ya kumiliki hata maini yao. Duka la spea lipo kwa sababu watu hawajui. Wangejua wote, wewe ungekuwa unauza nini?

Nimeanza na ugomvi kabla ya salamu. Baba angenikemea. Hujambo? Unaendeleaje na ile homa? Huku tu wazima. Mahindi yamesimama vizuri, nyani wamepungua. Shangazi Scholastika magoti yanamsumbua, lakini kanisani hakosi. Wifi yako Jenoveva anakusalimia sana.

Habari yangu mimi ni masikio. La kulia limelifuata la kushoto. Simu ikiita naiona inatetemeka mezani kama panzi, nikiipokea nasikia mvumo tu. Meseji nazo ni fupi mno kwa mtu mwenye hoja. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi. Barua hii anakuletea Mashimba, kondakta wa basi dogo la asubuhi. Jibu umpe yeye.

Sasa shida yangu. Pikapu ya baba iko palepale nyuma ya ghala, juu ya mawe manne. Najua kikao cha ukoo kiliamua nini, na najua hujakanyaga hapa tangu siku ile ya Agosti 2020. Hilo sitaki kulifungua. Nataka kuliwasha gari, basi. Naomba unitafutie kile kidude cha duara kilicho ubavuni mwa injini, kinachozungushwa na mkanda, chenye masikio mawili. Jina lake silijui. Je, nastahili?

Kaka yako,
Keraryo


Musoma
2 Februari 2024

Kaka Keraryo,

Shikamoo. Mimi mzima, homa imekwisha. Bado nakaa Mwisenge, chumba kilekile, mwenye nyumba yuleyule anayefagia mpaka kila mtu anaingia na viatu mkononi. Ziwa limechafuka wiki nzima, boti za kisiwa cha Rukuba haziji, na samaki wamekuwa wa kutafuta. Mpe pole shangazi. Msalimie wifi.

Umenihukumu kwa ushahidi wa mtu mmoja. Sasa sikiliza upande wa pili, ninyi mnaoandika magazetini mnasemaga kila jambo lina pande mbili.

Mzee Paschal aliingia saa nne asubuhi. Mimi nimesimama kaunta. Akanipita kama kabati, akaenda mpaka mlangoni alikokaa Mzee Mayala, mlinzi wetu, ambaye ana miaka sitini na ushee na hajawahi kufungua boneti ya gari lolote.

"Mkubwa," akamwambia, "naomba shokapu ya nyuma."

Mzee Mayala akanigeukia. "Mama, anataka shokapu ya nyuma."

"Muulize gari gani."

"Gari gani?"

"Nyeupe."

"Mama, nyeupe."

"Toleo la mwaka gani?"

"Anauliza ya mwaka gani."

"Nilinunua mwaka juzi."

Nikamwambia, "Mzee Paschal, mimi ni Boke, uko hatua tatu kutoka hapa nilipo, nakusikia." Unajua alijibu nini? Alimwambia Mzee Mayala: "Mwambie nilikuwaga namfahamu baba yake." Hapo ndipo niliposema yale maneno. Na bado nayasema.

Kwa hiyo usiniletee habari ya mgonjwa na daktari. Mgonjwa hampiti daktari akaenda kumweleza mlinzi. Kila siku, kaka. Nauliza, Mzee Mayala anabeba swali, jibu linarudi kwa Mzee Mayala, na mteja akiondoka anamshukuru Mzee Mayala. "Asante fundi." Naye mzee wa watu anaona aibu, anaangalia viatu vyake.

Na wale wanaonisemesha mimi je? Jana kaja mmoja anataka taa ya kushoto. Nikamuuliza, kushoto ukiwa umekaa kwenye usukani, au kushoto ukiwa umesimama mbele unaliangalia gari? Akanijibu, "Kushoto ni kushoto, mama, usinichanganye." Akachukua. Leo kairudisha anasema tumemtapeli. Mwingine kanirekodia mlio kwenye simu, kaniwekea sikioni, kwi, kwi, kwi, na kwa nyuma mkewe anasikika akisema, "Si nilikwambia usinunue?" Nikamwambia huo mlio wa kwanza sina hakika, ila wa pili hatuuzi dawa yake. Hakucheka.

Gari la baba halinihusu. Kikao kilisema ni lako. Lakini hapa nakujibu kama muuzaji. Kidude chako kinaitwa altaneta. Hatutoi kifaa bila sampo. Ndiyo sheria ya duka. Fungua cha zamani, kilete.

Mdogo wako,
Boke


Butiama
18 Februari 2024

Mdogo wangu,

Nimefurahi homa imeisha. Huku mvua imenyesha siku mbili ikakata. Shangazi ameanza kutembelea mkongojo, kaupamba kwa utepe wa buluu kama wa kwaya. Jenoveva hajambo, anasema umekonda kwenye picha ya kipaimara cha mtoto wa binamu yetu Sara.

Nimesoma utetezi wako mara tatu. Kuhusu Paschal, nakubali: alifanya vibaya, na nimemwambia hivyo kwa maandishi. Lakini umechanganya makosa mawili, na mimi siachi hoja mbovu ipite kwa kuwa ni ya mdogo wangu. Kumdharau mwanamke ni dhambi. Kutojua toleo la gari si dhambi. Wewe umemwadhibu kwa la pili kwa sababu ya la kwanza. Halafu jiulize, wewe ulijulia wapi? Baba alikulaza chini ya injini ukiwa na miaka kumi na mitano. Paschal alilazwa na nani?

Nimekifungua kidude. Imenichukua siku mbili na ngozi ya vidole vitatu. Kimefungwa ndani ya shati langu la zamani. Shati usirudishe.

Keraryo


Musoma
9 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimepokea altaneta, na pole ya vidole. Hapa tu wazima. Bosi wetu, Apolinary, anafungua tawi Bunda na kila siku anaingia na karatasi mpya ya mipango.

Nakurudishia kifaa chako. Ni kizima. Sikuamini macho yangu, nikampelekea fundi umeme wa jirani, akakifunga kwenye mashine yake, kinachaji kama kipya. Gari lililokaa juu ya mawe miaka mitatu na nusu haliwaki kwa sababu betri imekufa na petroli imeoza kwenye tenki. Mtoto wa shule ya udereva angekwambia. Isitoshe umetumia spana kubwa, ukakila kichwa cha nati. Kwa hiyo hongera, kaka. Yule mteja niliyekuwa namsema tangu Januari nimemwona. Ana shahada ya ualimu na anaandika makala.

Ubavuni mwa altaneta nimeona maandishi ya msumari. Unaijua desturi ya baba: kila kifaa kikishafungwa alikikwaruza kwa msumari, tarehe na herufi ya kwanza ya jina la aliyekifunga. Sitayazungumza. Nayataja tu usidhani sikuyaona.

Unasema baba alinilaza chini ya injini. Ni kweli. Na baada ya kumzika, waliosema nisikae hata kwenye kiti cha mbele ni nani? Andika makala juu ya hilo. Ulishaandika moja, nakumbuka, mwaka 2017, gazeti zima ulilinunua nakala kumi na mbili. Ulisema mtoto wa kike si mgeni kwao. Nilikuwa nayo ndani ya pochi yangu siku ya kikao.

Boke


Butiama
24 Machi 2024

Mdogo wangu,

Leo ni Jumapili ya Matawi. Nimeandamana na wenzangu sikusikia wimbo hata mmoja, nikawa nafungua mdomo wanapofungua. Shangazi alinishika mkono njia nzima, sijui nani alikuwa anamwongoza nani. Jenoveva anakutakia Pasaka njema.

Umesema betri na petroli. Mimi nasema stata. Mantiki yangu ni hii: kitu kinachoitwa stata kazi yake ni kuanzisha, na gari langu halianzi. Unaona jina nimelijua, nimesoma kwenye kitabu cha zamani cha baba chenye mafuta mpaka kwenye jalada. Nakutumia sampo. Ipime.

Maandishi ya msumari nami nimeyaona. Altaneta inasema 14/8/09, B. Sikujua ni wewe uliyeifunga. Mwaka ule nilikuja likizo nikawakuta uani, nikadhani ulikuwa unamshikia tochi.

Kuhusu makala ya 2017 nitakujibu siku nyingine.

Keraryo


Butiama
12 Mei 2024

Boke,

Wiki saba. Mashimba anasema stata aliikabidhi dukani mwenyewe, mkononi mwa mzee wa mlangoni. Nimemuuliza mara nne, mpaka sasa akiniona stendi anatikisa kichwa kabla sijafungua daftari.

Kama nimekukera, nambie nimekukera. Mimi ni mtu wa mabishano, najua kukaa na mtu aliyenikasirikia. Kukaa na asiyejibu sijui. Nimegombana na mhariri, na diwani, na padre, na wote walinijibu.

Mvua imezidi. Zamani nilikuwa nalijua paa kwa kelele zake. Sasa naangalia ukutani, maji yanaposhuka, ndipo najua inanyesha.

Nimefungua na kabureta. Sijaituma.

Jenoveva anakusalimia.

Keraryo


Bunda
16 Juni 2024

Kaka Keraryo,

Shikamoo. Sikukasirika, au tuseme sikukasirika zaidi ya kawaida. Bosi alinileta Bunda tarehe 25 Machi nifungue tawi, akasema wiki mbili, sasa ni mwezi wa tatu. Barua zako zilibaki Musoma. Mzee Mayala alipoiona stata imefungwa kwenye gazeti akadhani ni ya mteja, akaipeleka kwenye rafu ya sampo zilizosahauliwa. Tuna rafu nzima, kaka. Watu wanaleta kifaa cha zamani, hawapati kipya, wanasema nitarudi, hawarudi. Mzee Mayala anavifuta vumbi kila Jumamosi. Bosi alipokuja na gari la mzigo juzi ndipo akaniletea furushi na barua zote mbili.

Nimeipima stata, nakurudishia. Nzima. Ulijua ni nzima.

Sasa nina mambo mawili, na ukinijibu kwa hoja ya pembeni sitakuandikia tena.

La kwanza. Juzi aliingia hapa mwanamke wa Butiama anayepeleka nafaka Mwanza. Alikuwa anatafuta klachi. Kwa kuwa hakujua jina, alichora kwa kidole kwenye vumbi la kaunta, duara na chemchemi zake, vizuri kabisa. Tukaongea. Nikamwambia amsalimie Jenoveva. Akanitazama. "Mama Jenoveva si yuko Mwanza kwa binti yake tangu Septemba? Analea mjukuu. Watu wanasemaga harudi huku, anasema amechoka kupiga kelele ndani ya nyumba yake mwenyewe."

Basi nani amekuwa akinisalimia tangu Januari? Nani ameniona nimekonda kwenye picha?

La pili. Siku ya kikao tulikaa benchi moja, wewe kushoto kwangu. Baba mdogo Eliud alisema, "Boke ana mkono wa fundi, hatubishi, lakini gari la boma haliolewi." Hakunong'ona. Kuku walikimbia. Halafu akakugeukia: "Keraryo, wewe ndiye mkubwa wao na ndiye msomi. Una neno?" Ukaweka mkono sikioni ukasema, "Sijasikia." Watu wakacheka, wakafunga kwa sala. Nilitoka na begi langu. Kwa miaka mitatu na miezi kumi nimejiambia kaka yangu ana masikio mabovu. Nimewaambia na watu.

Mwanamke huyohuyo wa Butiama aliniambia kitu kingine bila kujua ananiambia nini. Alisema wewe ulianza kutumia daftari mwaka jana. Kabla ya hapo ulikuwa unasikia ukisemeshwa kwa sauti.

Ulisikia au hukusikia?

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Hapa Bunda simjui yeyote. Jumapili duka limefungwa, nikitoka kanisani sisemi neno na mwanadamu mpaka Jumatatu saa mbili, mteja wa kwanza anapokuja kuniambia gari lake ni jeupe. Na mimi siku hizi namjibu polepole. Namtoa nje tukalione gari. Nalizunguka lote, namuuliza limenunuliwa wapi, nani analiendesha, hata yasiyohitajika. Mwezi uliopita mmoja alikuja na saiti mira iliyovunjika, akakaa saa nzima ananieleza ng'ombe alivyoivunja. Sikumfukuza. Alipoondoka nilitamani avunje na ya pili.

Kwa hiyo kuhusu Januari, ulikuwa sahihi. Usitangaze.

Boke


Butiama
30 Juni 2024

Mdogo wangu Boke,

Huku ni mzima mmoja. Hiyo ndiyo salamu yangu, na ndiyo habari ya nyumbani yote. Jenoveva aliondoka Septemba 9. Hatukugombana. Aliniambia kitu jikoni, nikajibu kingine, akaketi kwenye kigoda akalia, sikumsikia, nilimwona. Salamu nilikuwa najitungia. Picha ya kipaimara niliitazama mimi. Umekonda kweli.

Nilisikia.

Nilisikia kila neno, hata kuku. Sikio la kushoto ndilo lililokuwa limekufa. Uliketi upande wa kulia, na Eliud alisema kutoka upande wa kulia. Nimekaa na sentensi hii moja miaka karibu minne, mimi niliyeandika kurasa mia nane kuwaambia wengine waseme kweli.

Sababu usiite utetezi. Kabla ya kikao Eliud alinichukua pembeni, karibu na zizi, akaniambia: "Mwalimu, masikio yanaondoka. Shule watakuondoa. Gari nalo likiondoka, hapa nyumbani utabaki kuwa nani, mlinzi?" Niliogopa. Sikulitaka gari. Sijui hata kuliendesha nyuma. Nilitaka tu liwepo uani watu wakipita waseme kwa Keraryo kuna gari. Liko pale. Wanasema kuna gari juu ya mawe.

Sasa habari ya vifaa. Altaneta niliifungua kwa nia njema na ujinga mtupu. Nikaona B. Nikajiambia hiyo ni moja, lazima mbele kuna K. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nakuja kila likizo. Haiwezekani niliishi na gari miaka ishirini bila kulifunga hata nati. Nikafungua stata: B. Kabureta: B, 3/1/98, ulikuwa na miaka kumi na mitano, na baba ameikwaruza kubwa, kwa majivuno. Nikashuka chini. Pampu ya maji B. Rejeta B. Bomba la sailensa B na B, umelifunga mara mbili. Sikuwa mteja, Boke, nilikuwa natafuta herufi yangu. Na nilikutumia vile vizima kwa sababu sikuweza kuandika nilichokiona, nikatumaini utakiona wewe useme. Nawe ukakataa kukisema. Tumelingana.

K nimeipata Jumatano. Ipo moja. Iko kwenye bampa ya mbele, chini, palipobonyea: 22/12/03, K. Ni siku niliyogonga geti. Nilicheka peke yangu uani mpaka mbwa akasogea mbali.

Kila nilichofungua nimekiweka ghalani kwenye magunia, nimekiandikia kilitoka wapi. Inawezekana nimekosea vingine. Atakayekirudisha mahali pake ni mmoja tu, na sikuombi uje. Sina haki hiyo. Mashimba atakuletea nakala ya barua inayofuata. Nakala nyingine nimezipeleka kwa mkono wangu leo baada ya ibada, kila mmoja nikamsubiri aipokee.

Keraryo


Butiama
30 Juni 2024

Kwa baba mdogo Eliud, msimamizi wa mirathi. Kwa baba mdogo Samwel. Kwa shangazi Scholastika. Na kwa wazee wawili mliokaa benchi la mlangoni katika kikao cha Agosti 2020:

Shikamooni. Nawatakia afya. Shangazi, pole na magoti.

"Gari la boma haliolewi." Hayo ni maneno yako, baba mdogo Eliud, na mimi nilikuwepo nikayasikia, na niliposema sikuyasikia nilidanganya mbele yenu na mbele ya Mungu tuliyekuwa tunakwenda kumwomba. Naanza na uongo wangu ili msije mkanirudishia. Sasa naja kwenu.

Boke hajaolewa na gari. Alilifunga. Kaka yenu alilinunua likiwa halitembei, wakaliinua yeye na binti yake, na aliandika mwenyewe, kwa msumari, juu ya chuma, nani alifunga nini. Mlidai hakuacha wosia. Ameacha, na uko ghalani kwangu ndani ya magunia sita. Vifaa thelathini na kimoja vyenye maandishi. Thelathini vina B. Kimoja kina K, nacho ni kovu. Nilichoandika mimi gazetini mwaka 2017 kilikuwa maneno; kaka yenu alikuwa ameandika kabla yangu, kwa miaka mingi, wala hakununua nakala kumi na mbili.

Mtasema ukoo umeshaamua. Ukoo uliamua baada ya kumuuliza mtu mmoja, na huyo mtu aliweka mkono sikioni. Uamuzi uliojengwa juu ya uongo wangu hauna miguu. Nauondoa uongo, angalieni wenyewe kinachobaki. Mtasema mwanamke ataliuza gari mjini. Mimi mwanamume nimeliweka juu ya mawe likaota majani mpaka kwenye kiti. Mtasema nimechanganyikiwa tangu mke wangu aondoke. Inawezekana. Hesabuni B hata hivyo.

Kwa hiyo nawadai. Njooni hapa nyumbani Jumamosi ya tarehe 13 Julai, saa nne asubuhi. Baba mdogo Eliud, uje na kadi ya gari na karatasi za mirathi, uweke sahihi gari liwe la Boke. Baba mdogo Samwel na wazee wangu wawili, mje kushuhudia kama mlivyoshuhudia siku ile. Shangazi, wewe uliinamisha kichwa, njoo ukiinue. Boke hajaahidi kuja, msimngoje. Kila mmoja aje na kalamu, na anayepinga aandike anachopinga aweke na jina lake, kwa maana kwa mdomo sitasikia, na safari hii ni kweli.

Mwana wenu,
Keraryo